Kompyuta ya Hospitali Ipimwe kwa Ukaribu Wake na Mgonjwa

Kituo cha afya kinapopanga kununua kompyuta, swali linalotangulia kwa kawaida ni la ukubwa: mashine ina nguvu kiasi gani, na inahifadhi taarifa nyingi kiasi gani? Swali hilo ni halali, lakini lipo lililo muhimu zaidi: mashine hiyo itakaa wapi, na itaendelea kumhudumia mgonjwa mtandao ukikatika? Historia ya minikompyuta inasaidia kulijibu.

Kwa muda mrefu kompyuta ziligawanywa katika ngazi nne. Juu kabisa ni superkompyuta, zifanyazo hesabu nzito kama za utabiri wa hali ya hewa. Hufuata meinifremu, zinazotumikia benki na taasisi kubwa. Chini kabisa ni mikrokompyuta, yaani kompyuta za mezani na mpakato. Minikompyuta ilikaa kati ya meinifremu na hizo ndogo: iliweza kuwekwa katika chumba cha kawaida, na bado ikatumiwa na watu kadhaa kwa pamoja. Mwaka 1965 kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani iliuza PDP-8 kwa takriban dola 18,000, bei iliyokuwa sehemu ndogo tu ya gharama ya meinifremu.

Tofauti ya bei ilizaa tofauti ya mamlaka. Meinifremu ilikuwa na chumba chake na wasimamizi wake. Mtafiti alikabidhi kazi yake na kusubiri majibu. Minikompyuta ilimfuata mtafiti maabara. Taaluma ya tiba ilikuwa miongoni mwa za kwanza kunufaika. Kompyuta ya LINC, iliyobuniwa mwaka 1962 na Wesley Clark na Charles Molnar, ilikusudiwa maabara za sayansi ya tiba. Miaka michache baadaye, katika Massachusetts General Hospital, Boston, ilitungwa lugha ya programu iitwayo MUMPS, iliyoundwa kwa ajili ya kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta za aina hiyo.

Kipimo cha CT-Scan kinaonyesha jambo hilo waziwazi. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo mjini London mwaka 1971, kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Takwimu zake ziliandikwa kwenye tepu, zikapelekwa nje ya hospitali kwenye kompyuta kubwa ili zikokotolewe. Mashine zilizouzwa baadaye ziliambatanishwa na minikompyuta, na picha ikapatikana hapo hapo mgonjwa alipo. Kompyuta iliyokuwa ndogo zaidi ndiyo iliyokifanya kipimo hicho kuwa huduma ya kila siku.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu katika ukoo huu. Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa Taasisi ya Regenstrief, jimboni Indiana, ulianza mwaka 1972 katika zama za minikompyuta. Wataalamu wa taasisi hiyo walishirikiana na Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, Kenya, kikaanza kutunza kumbukumbu zake kwa kompyuta za kawaida zilizowekwa kituoni. Uzoefu huo ulichangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu huria inayotumika leo katika nchi nyingi.

Leo jina la minikompyuta limefifia, na nafasi yake imeshikwa na seva ndogo. Hata hivyo, kishawishi cha kurudi enzi za meinifremu kipo: kuweka kila kitu katika seva moja ya mbali na kukiachia kituo skrini tu. Intaneti inapokatika, mgonjwa wa kisukari hubaki benchini, na daktari hawezi kuona dozi iliyoandikwa mwezi uliopita wala mzio uliokwisha kuandikwa. Hapo foleni si usumbufu tu. Ni hatari kwa maisha.

Wanaotetea seva ya mbali wana hoja. Mgonjwa aliyepewa rufaa anahitaji taarifa zake zimfuate, na seva ya kituoni inaweza kuibwa, kuungua au kukosa fundi. Lakini hoja hizo hazidai kwamba kituo kibaki mikono mitupu. Zinadai ngazi zote zishirikiane: seva ya kituoni iendeshe kazi ya kila siku ikiwa na betri za akiba, chumba kinachofungwa na fundi anayejulikana, nakala ya taarifa ipelekwe seva kuu kila mtandao unaporuhusu, kwa njia inayolinda siri ya mgonjwa.

Kwa hiyo, kabla mkataba wa mfumo wowote haujatiwa saini, wauguzi, madaktari na wawakilishi wa wagonjwa katika kamati za vituo waulize: mtandao ukizimika asubuhi ya kliniki, faili la mgonjwa litafunguka? Muuzaji asiyeweza kulithibitisha hilo kwa vitendo, hapo hapo kituoni, hajauza mfumo wa hospitali.