KONA YA UFUNDI: Kibao Kinachohesabu Bila Kusinzia



Familia nyingi zimewahi kusindikiza mgonjwa hadi Hospitali ya Mulago, Kampala. Kazi ya mwangalizi mnaijua: kufua, kupika, kumgeuza mgonjwa, na usiku kukodolea macho dripu, ile wengine wetu tunaiita serumu. Ikienda mbio ni hatari, ikisimama pia ni hatari. Mfano: lita 1 iishe kwa saa 8, na mpira wake unatoa matone 20 kwa kila mililita. Hapo yanatakiwa matone kama 42 kwa dakika. Lakini muuguzi ana vitanda vingi, na mwangalizi naye husinzia.

Je, kuna kitu kinachohesabu bila kusinzia? Kipo, tena kilibuniwa Kampala hapo hapo. Injinia Philippa Ngaju Makobore wa taasisi ya utafiti wa viwanda ya Uganda, UIRI, iliyoko Nakawa, alitengeneza na wenzake kifaa kinachohisi kila tone la dripu na kurekebisha mwendo wake. Mwaka 2017 alitunukiwa kwa kazi hiyo katika tuzo za Innovation Prize for Africa.

Akili ya vifaa vya namna hii ni maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo isiyozidi kidole. Haina skrini wala kibodi. Inafuata tu amri ulizoiandikia, usiku na mchana. Kwa wanaojifunza, imefungwa juu ya kibao chenye matundu ya waya. Kinachojulikana sana ni Arduino, kilichoanzia mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi wasiojua elektroniki. Kumbe hata sisi tunaweza!

Vijana, tuanze hivi:

1. Tafuteni kibao cha Arduino Uno, waya wake wa USB na kompyuta. Kibao kimoja kinatosha kundi zima, mkipokezana. Programu ya kuandikia amri ni ya bure, na ikishawekwa kwenye kompyuta haidai intaneti.

2. Chomekeni kibao kwenye kompyuta. Umeme wake ni volti 5 tu. Ule wa ukutani ni volti 240 na unaua: msiupeleke kwenye kibao kamwe.

3. Fungueni mfano uitwao Blink, kisha utumeni kwenye kibao. Kwa Kiswahili unasema: washa taa, ngoja 1000, zima taa, ngoja 1000, rudia. Hiyo 1000 ni milisekunde, yaani sekunde 1.

4. Badilisheni kila 1000 iwe 715, mtume tena. Hesabuni: taa inawaka mara 42 kwa dakika. Ndio mwendo wa ile dripu yetu!

Amri zenyewe ni za Kiingereza, na ukisahau alama moja tu kompyuta inakataa. Usikate tamaa. Soma mstari inaoulalamikia, rekebisha, jaribu tena.

Huna kibao? Andika amri kwenye karatasi, mtoto mmoja awe kibao, afanye kile kilichoandikwa tu, asiongeze kitu. Mtacheka, lakini mtaona mlipokosea.

Wazazi, msiseme mtoto anachezea waya. Taa ikishatii, hatua inayofuata ni kihisi cha mwanga: tone likipita linakata mwanga, kibao kinaongeza 1. Hivyo ndivyo matone yanavyohesabiwa.

Angalizo: haya ni mazoezi ya nyumbani. Kifaa cha wagonjwa lazima kwanza kipimwe na wataalamu. Hospitalini ukiona dripu imesimama au inakimbia, usiguse kile kigurudumu chake. Mwite muuguzi, hata kama ni saa nane ya usiku.

Mwezi ujao: kihisi cha mwanga. Kaeni salama.