Tusimlaumu Mpigaji Kabla ya Kuukagua Mtambo





Tarehe 30 Septemba 2025 kampuni ya AOL ya Marekani ilifunga huduma yake ya intaneti ya kupiga simu. Wapo waliocheka. Mimi sikucheka, maana miongoni mwa waliokuwa bado wakitegemea huduma za namna hiyo ni watu wa mashambani, na watu hao ndio walioambiwa kila mara, "Laini yako mbovu, unakaa mbali."

Simu ilipofika kituoni ilipokewa na seva yenye prosesa ndogo ndogo za ishara, ambazo kazi yake ni kugeuza mlio wa modemu kuwa lugha ya kompyuta. Waya mmoja wa E1 huleta simu 30 kwa pamoja, na kila simu hutaka nafasi yake kwenye prosesa. Prosesa iliyokufa kabisa haina madhara makubwa, kwani mtambo huiruka. Hatari ni ile mgonjwa inayojifanya nzima. Hupokea simu, hushindwa kuelewana na modemu, huikata, kisha huwa huru na kupewa simu nyingine. Wenzake wazima wako kazini, hivyo yenyewe ndiyo inayopewa wageni wengi!

Sikatai kwamba waya mrefu huharibu simu. Lakini kutofautisha si kazi ngumu. Kushindwa kukimfuata mpigaji yule yule katika kila mlango, kasoro iko kwenye laini yake. Kukiufuata mlango ule ule kwa wapigaji wote, kasoro ni ya prosesa. Hata sisi walimu, darasa zima likifeli somo moja, hatuanzi kwa kuwachapa watoto.

Mitambo ya Cisco AS5400, iliyotumika miaka ya 2000, iliweza kuhesabu simu zilizoshindwa mfululizo katika mlango. Fundi aliweza kuiamuru iufunge mlango huo, ijaribu kuufufua, au isifanye lolote. Kiwango kilichowekwa kiwandani kilikuwa simu 30. Kwa maoni yangu hizo ni nyingi mno. Ni watu 30 waliopoteza muda na pengine fedha.

Tena kuna kufunga na kufunga. Iko amri ya kuuzuia mlango usipokee simu mpya huku anayezungumza akiachwa amalize, na iko ya kumkata hapo hapo. Fundi mwenye haraka huchagua ya pili.

Prosesa za aina hii zinafanya kazi hata leo katika mitambo ya kuunganisha simu za sauti na intaneti. Nawaomba wakuu wa vyuo vya ufundi wawafundishe vijana kusoma hesabu ya kila mlango kabla ya kumjibu mteja.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini.