Msaidizi wa AI aandike barua, daftari la wanachama libaki kwetu

Makamanda, kwenye magrupu ya WhatsApp tunapiga kelele sana, na hoja zetu nyingi ni za msingi. Shida ni kwamba mkurugenzi wa halmashauri halazimiki kujibu posti. Kinachombana ni barua ya raia anayeomba taarifa, kwa sababu Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa siku zisizozidi 30 kujibu. Sasa jiulize, tawi lako limeandika barua ngapi za namna hiyo mwaka huu?

Kisingizio cha "hatuna mtu wa kuandika" kinaelekea kuisha. Programu za ofisi tunazozijua zimeletewa msaidizi wa akili mnemba: kwenye Word na Excel anaitwa Copilot, kwenye Google Docs anaitwa Gemini. Humo ndani mara nyingi lazima ulipie, lakini wote wawili wana toleo la bure linalofunguka hata kwenye simu. Unamwandikia kwa Kiswahili unachotaka, anakuletea rasimu. Ukiwa na bando, umeanza.

Kwetu Makongolosi, nilikokulia kabla ya kwenda kusomea sheria, kijana mwenye shida ya barua anakwenda stesheneri. Analipia kuchapiwa, analipia kuprinti, na mara nyingi mchapaji ndiye anayemtungia maneno. Huyu msaidizi ni mchapaji wa aina hiyohiyo, ila hanuni ukimrudishia kazi mara kumi. Tumtumie, lakini tujue tunaanzia wapi.

Anza na jambo ambalo jibu lake mnalihitaji kweli. Chukua ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarudishwa 2024. Vijana wanaohangaika na dhahabu na tumbaku Chunya wana haki ya kujua imemfikia nani. Kwa hiyo mwambie msaidizi hivi:

"Andika barua rasmi kwa Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Chunya. Tunaomba taarifa za mikopo ya vijana kata ya Makongolosi mwaka wa fedha 2024/25: vikundi vingapi viliomba, vingapi vilipata, shilingi ngapi, na kiasi gani kimerejeshwa. Isizidi ukurasa mmoja. Usitaje kifungu chochote cha sheria."

Ukimwambia tu "niandikie barua kwa halmashauri", atakuletea maneno matamu yasiyouliza kitu.

Rasimu ikija, isome kwa sauti. Kiswahili chake mara nyingi kinanuka tafsiri. Barua inayoanza na "natumaini ujumbe huu unakukuta salama" haijaandikwa na mtu wa Chunya. Weka YAH yako, weka "husika na kichwa cha habari hapo juu", ondoa mapambo.

Kuhusu vifungu nimemkataza makusudi. Mwaka 2023 huko New York, mawakili wawili na ofisi yao walipigwa faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka mahakamani kesi ambazo hazikuwahi kuwapo. ChatGPT ilizitunga, wao wakazipokea bila kuzitafuta. Na kwetu kuna Toleo la Urekebu la Mwaka 2023, lililoanza kutumika Julai 1, 2025, kwa hiyo hata namba ambayo zamani ilikuwa sahihi inaweza kuwa imehama. Fungua TanzLII, ni bure, soma kifungu chenyewe ndipo ukiandike. Kosa moja la namba linampa afisa sababu ya kuitupa barua nzima, na aliyesaini ni wewe.

Sasa hapa naomba tusikilizane vizuri. Daftari la wanachama lisiguse huko. Najua kishawishi: majina yamechanganyika, namba za simu zimejirudia, na Copilot ndani ya Excel anaweza kuyanyoosha fasta. Lakini ukipakia orodha ile kwenye akaunti ya bure, umeikabidhi kwa mitambo ya kampuni ya nje. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inauweka msimamo wa kisiasa kwenye kundi la taarifa nyeti, na kila mmoja wetu anaelewa kwa nini. Kuna mwalimu aliyechukua kadi yetu kimyakimya. Kuna mama anayeuza chakula karibu na ofisi za serikali. Majina yao yakivuja, hatutaumia sisi tunaoandika mtandaoni, wataumia wao. Panga orodha hiyo kwa mkono, hata kama itachukua wiki.

La mwisho, printi na utunze nakala. Oktoba 29, 2025 intaneti ilizimwa, na kila kilichokuwa mtandaoni tu kikawa hakipatikani. Faili la karatasi halizimwi.

Kila tawi liandike barua moja kabla ya mwezi huu kwisha. Ipelekeni wawili masijala, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha anzeni kuhesabu siku 30.