Ushindi Unaouzwa

Tangu Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, kalamu imepata heshima mpya katika visiwa vyetu. Miaka sita kabla yake, Mohammed Khelef Ghassani, mwana wa Pemba, alikuwa ameshinda upande wa ushairi katika Tuzo ya Mabati-Cornell kwa diwani yake N'na Kwetu. Ni haki basi kijana wa Wete au Makunduchi, mwenye daftari la mashairi chini ya mto wake, kujiuliza kwa nini isiwe yeye. Lakini penye matumaini mema hapakosi mlanguzi, na walanguzi wa mashindano ya uandishi wamekuwapo duniani kwa muda mrefu.

Wananchi wasidhani kuwa maradhi haya ni ya nchi changa pekee. Huko Marekani, katika jimbo la Maryland, mwaka 1982 ilianzishwa kampuni iliyojulikana kama National Library of Poetry, ambayo baadaye ilijiita International Library of Poetry na kuendesha tovuti ya Poetry.com. Jina lilikuwa la maktaba. Kazi haikuwa ya maktaba. Kushiriki mashindano yake kulikuwa bure. Aliyepeleka shairi alipata barua ya sifa, akaarifiwa kuwa amefika nusu fainali, na kwamba shairi lake limeteuliwa kuchapishwa ndani ya diwani. Hapo ndipo mlango wa duka ulipofunguliwa. Diwani iliuzwa karibu dola 50. Kisha ikaja nakala ya shairi iliyopachikwa kwenye ubao wa kutundika ukutani, kisha mwaliko wa mkutano wa washairi, ambao mgeni alijilipia kiingilio, nauli na malazi. Wanunuzi wa vitabu hivyo walikuwa hasa washairi wenyewe na jamaa zao.

Watu wenye mashaka wakaanza kuijaribu kampuni hiyo kwa kuipelekea upuuzi mtupu. Mtungaji mmoja alipeleka maneno yasiyo na maana yoyote kwa jina la bandia la Wergle Flomp, naye akakubaliwa kama wengine. Jina hilo la mzaha baadaye likapewa mashindano ya kweli ya mashairi ya kuchekesha, yasiyotoza kiingilio. Na huenda hiyo ndiyo faida pekee iliyoifikia fasihi kutokana na mkasa wote ule.

Yafaa tulitazame jambo hili kwa makini, maana mnunuzi aliletewa kitabu chake. Mtu aliyenyang'anywa fedha hujua ameibiwa na hukimbilia polisi. Huyu alibaki na kitabu mkononi, jina lake limo ndani, na haya ya kumweleza jirani. Alichouziwa hasa ni hukumu: kwamba mtu mwenye ujuzi amelisoma shairi lake na kuliona bora. Hukumu hiyo haikuwapo.

Wapo pia matapeli wasio na subira, wanaomwarifu mtu kuwa ameshinda shindano ambalo hakushiriki, wakimtaka atume ada kwa simu ili zawadi isafirishwe. Hao ni wezi wa kawaida, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawahusu.

Hatari inayosahauliwa zaidi ni ile ya masharti. Baadhi ya mashindano huandika, kwa herufi ndogo, kwamba kila kazi iliyopokelewa inakuwa mali ya mwandaaji, iwe imeshinda au haikushinda. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994. Kwa mujibu wake mtunzi ana haki ya kazi yake tangu anapoiandika, bila kuisajili popote. Haki hiyo haifai kutolewa sadaka kwa mtu asiyejulikana ili kupata nafasi ya kushindana.

Hatusemi kwamba kila kiingilio ni wizi. Yapo majarida ya heshima, hasa Marekani, yanayotoza ada ndogo kuwalipa waamuzi. Lakini kijana wa hapa hana sababu ya kuanzia huko. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola haitozi kitu, na hupokea hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili. Ipo pia Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Tuzo za namna hii huwataja waamuzi wake hadharani, na vitabu vya washindi vinaweza kutafutwa na kusomwa.

Tungependa Baraza la Kiswahili la Zanzibar litoe kila mwaka orodha ya mashindano lililoyachunguza, na Wizara ya Elimu iifikishe orodha hiyo katika skuli zote, za mjini na za shamba.

Viongozi nao wana sehemu yao. Mara nyingi mheshimiwa hualikwa kuwa mgeni rasmi katika hafla ya kukabidhi tuzo, akapigwa picha, na picha hiyo ikawa tangazo la mashindano ya mwaka unaofuata. Kabla ya kukubali mwaliko, katibu wake na aulize majina ya waamuzi, aombe kitabu cha mshindi wa mwaka uliopita, na atake kujua fedha za zawadi zinatoka mfuko gani.