Tuseme Mazuku Hata Dukani

Watu wa Goma wana neno ambalo sisi wa Kayna tunalisikia kwa mbali tu: mazuku. Ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini katika nchi ya volkeno na kutulia mabondeni, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Mbuzi anashuka kula majani, anaanguka. Mtoto anamfuata mbuzi. Neno hilo halikuzaliwa chuoni, lakini leo wataalamu wa volkeno wanaliandika katika Kifaransa na Kiingereza bila kulitafsiri. Ni maneno mangapi ya Kiswahili cha Kivu yaliyofika huko?

Nataka tulilete neno hilo Kayna, tena tuliingize dukani.

Nilifanya kazi kwa miezi kadhaa katika nyumba ya kupiga chapa na fotokopi, mahali ambapo wanafunzi wanapeleka TFC zao usiku wa mwisho. Chumba kimoja, dirisha moja lililopigiliwa mbao kwa sababu ya wezi, na grupu (jenereta, kwa msomaji wa mbali) nyuma ya pazia. Bomba la moshi lilipitishwa kwenye tundu la ukuta, basi sote tuliamini kwamba moshi umekwenda nje. Mvua ikinyesha tulifunga mlango. Kufika saa kumi alasiri kichwa kilikuwa kinanigonga, mwenzangu anasikia kichefuchefu. Mama mmoja aliyengoja barua yake alisinzia kwenye benchi, nasi tukamcheka. Nilipima malaria mara mbili, haikuonekana. Nikameza parasetamoli. Jumapili nilikuwa mzima kabisa, nikadhani ni kwa sababu nimepumzika.

Jumapili ile ndiyo iliyokuwa jibu. Malaria haijui siku ya kazi. Ugonjwa unaokushika ndani ya jengo fulani, ukakuachia ukitoka nje, na ukawashika wenzako saa ileile, chanzo chake utafute katika jengo hilo kabla ya kulaumu mbu. Swali la kujiuliza ni jepesi, hata muuza duka asiyesoma anaweza kulijibu: nikikaa nje kwa muda, napata nafuu? Na wenzangu je?

Pua haitoshi. Kwanza, pua huzoea: harufu unayoisikia unapoingia kutoka barabarani, baada ya dakika chache huisikii tena, kwa hiyo dakika ya kwanza ndiyo ya kuamini. Pili, kilicho kibaya zaidi katika moshi wa grupu na wa mbabula, yaani kaboni monoksidi, hakina harufu wala rangi. Kinashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ukishatoka kwenye hewa safi, nusu yake inahitaji saa 4 au 5 hivi kuondoka mwilini. Anayelala nacho huenda asiamke. Na makala (ya kuchoma, si haya unayoyasoma) yaliyokwisha kutoa moshi na kubaki mekundu ndiyo yanayodanganya, maana mgahawa mzima huyaona kuwa safi.

Kuna mabaya madogo pia: ukungu nyuma ya rafu, ukuta unaotoa jasho, macho yanayowasha katika duka la vitanda vipya vya mbao za gundi. Huko Ujerumani, tangu 1858, Pettenkofer alipendekeza hewa ya chumba ipimwe kwa pumzi za waliomo: kaboni dioksidi ikipita sehemu 1,000 katika milioni, chumba hakipumui. Kipimo hicho bado kinatajwa. Sisi hatuna mashine, ila tuna usingizi wa wanafunzi 80 waliofungiwa saa nane mchana, na walimu wetu wasiuite uvivu wakati wote.

Najua nitakayojibiwa hapa kitivoni. Kamusi zina “hewa ukaa”, na magazeti ya Dar es Salaam yanaitumia. Sawa, lakini nenda soko la Kayna ukamwambie mtu ana hewa ukaa dukani, atakuuliza inauzwa bei gani. Pingamizi la pili ni zito zaidi: mazuku ni gesi nyingine. Kweli. Tena hutulia chini, na aliyepanda juu anaweza kupona, ilhali kaboni monoksidi huenea chumba kizima na kupanda juu ya meza hakusaidii kitu. Kwa hiyo tuongeze kijineno, tuseme mazuku ya moshi, na tufundishe tofauti hiyo pamoja na neno lenyewe. Jina linalomfanya mtu akimbie naliona bora kuliko jina sahihi analolikalia kimya.

Nilimwambia patroni mara tatu kwamba hewa si nzuri. Alijibu, “Kijana, grupu ikilala nje, kesho tutafanya kazi na nini?” Hakuwa mtu mbaya, na wezi alikuwa hajawaota. Mara ya nne nikasema, “Mzee, humu ndani mna mazuku.” Alikuwa amewahi kuishi Goma. Alisimama, akamtazama yule mwenzangu aliyelaza kichwa juu ya kibodi, akaenda mwenyewe kuzima mashine. Siku ya pili fundi alikuja na mnyororo, bati moja na sanduku la vyuma, na grupu ikahamia nyuma ya nyumba, mbali na dirisha. Mbao za dirisha bado zipo. Tunaendelea kubishana.