Shilingi 50 na Maziwa ya Jioni

Serikali ya Kenya ilipoagiza kampuni yake ya maziwa, New KCC, imlipe mfugaji shilingi 50 kwa lita kuanzia Machi 1, 2024, badala ya 45, wanasiasa walishangilia kana kwamba soko la maziwa limekwisha kutengenezwa. Halijatengenezwa. Kilichopanda ni bei ya maziwa yanayofika mtamboni, ilhali kinachomuumiza mfugaji mdogo ni yale yasiyofika.

Watetezi wa agizo hilo husema chakula cha mifugo ni ghali, na kwamba New KCC ikipandisha bei, wanunuzi binafsi nao hulazimika kufuata. Ni kweli kiasi.

Lakini ng'ombe hukamuliwa mara mbili kwa siku. Maziwa ya asubuhi hutiwa mitungini, yakapakiwa kwenye bodaboda hadi kituo cha ushirika, karani akayapima kwa laktomita na kuandika kadi. Ya jioni hukamuliwa gari la kukusanya maziwa likiwa limepita zamani. Hutoka kiweleni yakiwa na nyuzi joto karibu 38, na yanapaswa kushuka hadi 4 upesi. Yasipopozwa, bakteria huzaliana usiku kucha. Asubuhi yakipimwa kwa alkoholi yanaganda, na mtungi unarudi nyumbani umejaa.

Chukua ng'ombe wa lita 10: sita za asubuhi, nne za jioni. Agizo linamwongezea mwenyewe shilingi 30 kwa siku. Zile nne zikiharibika, kapoteza 200.

Ndiyo maana mfugaji humtegemea mchuuzi, anayekuja hadi mlangoni na kulipa taslimu, wakati malipo ya ushirika husubiri mwisho wa mwezi. Ajabu ni kwamba mchuuzi huyo ndiye anayeandamwa! Mwaka 2019 rasimu ya kanuni ilitaka kuzuia maziwa mabichi yasiuzwe kwa mlaji moja kwa moja, mpaka kelele za umma zikaisimamisha. Mlango pekee wa jioni ufungwe, kisha maziwa yapelekwe wapi?

Serikali imegawa mitambo ya kupoza, tena ni jambo jema. Ila mtambo usiofikiwa na gari la jioni utaendelea kupoza maziwa ya asubuhi tu. Kuna umeme wa kulipia, barabara ya matope na dereva wa zamu ya pili, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotatuliwa kwa tamko la jukwaani.

Basi waziri atakapokuja tena kutangaza bei mpya, wafugaji wamuulize kwanza gari la jioni litapita saa ngapi.