Stata ya Trekta: Ifungue Kwanza, Ununue Baadaye

Ukipita Sironga au vijiji vingine vya Nyamira asubuhi na mapema, huenda ukaona trekta kuukuu imeegeshwa juu ya kilima, pua ikitazama bondeni, na jiwe limetegwa chini ya tairi. Hayo si madaha ya dereva. Stata imekufa, na kila siku trekta huwashwa kwa kuteremshwa. Huko chini ya kilima kuna watoto wanaokwenda shule na akina mama wanaochuma chai. Siku breki zikigoma, nani atawaonya?

Mwenyewe atakuambia stata mpya ni ghali. Ni kweli, lakini je, ile ya zamani ameifungua akaitazama? Mara nyingi kilichokwisha ni brashi tu, zile kaboni ndogo. Wakati mwingine hata hizo ni nzima! Waya mnene utokao kwenye betri hadi kwenye bodi ndio umeliwa na kutu. Basi anza hapo. Usafishe mpaka chuma king'ae.

Kabla ya kuishusha stata, chomoa betri, ukianza na waya wa bodi. Tia alama kwa msumari mahali vifuniko vinapokutana na mwili wa stata, kisha fungua. Brashi ziteleze bila kukwama ndani ya vishikio vyake. Zikiwa fupi, weka mpya. Unapokata za zamani acha kipande kifupi cha waya, uunganishe hapo kwa risasi. Tazama pia bushi za shaba. Zikilika, amecha huyumba na kukwaruza vyuma vilivyoizunguka. Bushi mpya iloweke kwenye oili safi ya injini kwa saa 24 kabla ya kuitia.

Komyuteta, ile silinda ya shaba iliyogawanyika vipande vipande, isugue kwa msasa mwororo wa kioo. Usitumie msasa mweusi wa chuma, kwa sababu chembe zake hubaki kwenye shaba na kuleta matata. Na hapa ndipo wengi hukosea: katika dainamo, ile maika iliyo kati ya vipande vya shaba huchimbwa kidogo, iwe chini ya shaba. Kipande cha msumeno wa chuma kinatosha. Katika stata za trekta hizi za Uingereza, maika haichimbwi. Iache ilivyo.

Dainamo ikishafungwa, ijaribu kabla ya kuivisha mkanda. Unganisha terminali zake mbili, ile kubwa ya D na ndogo ya F, kisha uipe umeme wa betri. Ikizunguka polepole kama mota, shukuru Mungu.

Kazi haijaisha. Dainamo hukumbuka chanya na hasi kwa sumaku kidogo iliyobaki ndani yake, na ikikumbuka vibaya itaunguza regyuleta. Kwa hiyo ukishaifunga kwenye injini, na waya wa F ukiwa bado umechomolewa, chukua waya kutoka upande wa betri usioungwa na bodi, uuguse kwenye F mara mbili tatu, sekunde moja moja. Cheche zisikutishe. Lakini chunguza kwanza ni upande upi ulioungwa na bodi. Zile Ferguson ndogo za kijivu, zilizotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, ziliunganishwa chanya na bodi, kinyume cha magari tuliyoyazoea.

Sasa washa, lakini uwe umeketi kitini na gia iko huru. Nasema hivi kwa sababu kuna mtindo mbaya wa kusimama chini, mbele ya tairi la nyuma, na kugusanisha terminali za stata kwa bisibisi. Ukifanya hivyo unakiruka kile kizuizi cha gia. Ikiwa gia imeingia, trekta itaondoka nawe ukiwa njiani mwake, na tairi hilo halina huruma. Mwana wako akikuona ukifanya hivyo leo, kesho ataiga.

Na lile jiwe la kutega tairi usilitupe. Breki za mkono za trekta hizi tunazijua.